Funika Sahani, Kisha Onja

Ikiingia Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, soko letu la Darajani hapa Unguja hunukia tende. Maboksi hupangwa mpaka vizingitini, na wanaouza kwa kilo hufungua vile vifurushi vya nailoni ambavyo tende zake zimekandamizwa hata zimeshikana kama tofali. Mnunuzi anafika, anaulizia ile tende nyeusi ya Madina, "Ajwa ipo?" Anaambiwa ipo. Anauliza bei, anapunguziwa elfu mbili, analipa, anaondoka. Hakuonja. Hata boksi hakulifungua. Mimi nimenunua hivyo hivyo miaka na miaka, mpaka Ramadhani ya mwaka juzi.

Nilinunua boksi la kilo moja lililoandikwa ajwa, duka lenyewe sitalitaja. Safu ya juu ilikuwa nyeusi, laini, inapendeza. Siku ya tatu ya mfungo tukafika safu ya chini: tende kavu, ganda limeachana na nyama, ukiitikisa unasikia kokwa inagonga ndani. Mama aliipasua moja kwa kisu kabla hajaitia mdomoni, ndiyo kawaida yake, akaikuta na unga mweusi wa wadudu katikati. Hakusema kitu. Aliiweka pembeni mwa sahani akachukua kikombe cha maji. Boksi lile lilinitoka shilingi 40,000, na mbele ya duka lile lile palikuwa na tende za kupima za shilingi 8,000 kwa kilo ambazo sikuzitupia hata jicho. Kilichoniuma si fedha peke yake. Nilikwenda sokoni na ulimi, pua na vidole, nikanunua kwa kusoma maandishi.

Na sisi si wageni wa tende. Jahazi za Manga, yaani Arabuni, zilikuwa zikija na upepo wa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, zikishusha tende za Oman na Basra, halafu zinarudi na kusi zimebeba boriti za mikoko. Babu yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia jinsi tende zilivyofika ndani ya makanda ya makuti, na jinsi mnunuzi alivyotia mkono mpaka chini ya kanda, akatoa moja, akaitafuna taratibu huku akitazama pembeni, ndipo mazungumzo ya bei yaanze. Mtu aliyenunua bila ya kutia mkono chini alichekwa. Leo boksi limefungwa kwa karatasi ya plastiki na tunaona haya kumwambia muuzaji alifungue.

Namna ya kuhukumu nilijifunza mahali ambapo sikupatarajia. Niliwahi kufanya kazi ya stoo katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, na siku moja akaletwa mwalimu kuwafundisha wahudumu habari za mvinyo. Mimi sinywi, dini yangu hainiruhusu, na kazi yangu pale ilikuwa kuhesabu chupa na kutia saini. Lakini nilisimama mlangoni nikatazama. Yule mwalimu alizifunga chupa zote kwa karatasi za kaki, akazipa namba, akawaambia wahudumu waandike wanachokiona na kukinusa kabla hajafungua karatasi hata moja. Akawahadithia kisa cha Paris cha tarehe 24 Mei 1976, pale majaji wa Kifaransa walipoonjeshwa mvinyo wa kwao na wa California bila ya kujua upi ni upi. Mwekundu walioupa nafasi ya kwanza ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars, na mweupe ulikuwa wa Chateau Montelena, yote miwili ya California, wakati dunia nzima ilikuwa ikiamini hakuna wa kumshinda Mfaransa. Baadaye nikasoma pia utafiti wa Bordeaux, Ufaransa, uliochapishwa 2001: wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno yale yale wanayoelezea mvinyo mwekundu. Jicho lilishasema, pua ikafuata.

Nikajiuliza, kama watu waliosomea jambo wanadanganywa na rangi tu, mimi na boksi langu la dhahabu lenye picha ya Madina nitasalimika vipi?

Basi Shaabani iliyofuata nikatia sahani sita juu ya mkeka ukumbini kwetu, kila moja chini ya kawa. Mpwa wangu wa darasa la sita ndiye peke yake aliyejua namba ipi ni tende ipi, na aliilinda siri ile kama mtihani wa skuli. Tulikuwa watu watano: Mama, shangazi yangu, kaka, wifi na mimi. Wakati tuliouchagua ulikuwa baada ya alasiri, siku isiyo ya kufunga, tumeshakula mchana. Hili nalisisitiza. Mtu aliyefunga hafai kuwa hakimu wa tende, kwa sababu magharibi ikiadhiniwa kila tende ni bora kuliko zote ulizopata kula maishani. Baina ya sahani na sahani tulisukutua kwa maji, na kila baada ya mbili tulikunywa funda la kahawa chungu kuusafisha ulimi.

Tulizonunua ni ajwa na safawi, ambazo zote asili yake ni Madina, sukkari ya Qasim huko Saudia, khalas ya Oman, medjool, na zile za kupima, ambazo muuzaji alituambia ni za Iraq. Nilizinunua kwa wauzaji mbalimbali na kila moja niliionja kwanza pale pale.

Kuitazama tende kwataka utulivu. Mikunjo ya ganda si ila, lakini ganda lililofura na kuachana na nyama linaonyesha kuwa tende imekauka vibaya au imekaa joto. Mng'aro uliozidi unanitia shaka, maana wako wanaozipaka shira ya glukosi ili zionekane mpya. Ukiishika na kidole kikanata kabla hujaipasua, hiyo shira imetoka nje, haikutoka ndani. Madoa meupe yanawatisha wengi bure. Lifikiche doa kwa kidole chenye joto: likiyeyuka ni sukari iliyojitokeza, na tende ni salama, likiwa na manyoya na harufu ya chumba kilichofungwa, ni ukungu, itupe. Kisha ipasue, uione ndani. Kisha inuse pale ulipoipasua. Harufu ya siki au ya hamira inamaanisha imeanza kuchacha, na hapo hakuna haja ya kuendelea.

Sahani ya nne ndiyo iliyotunyamazisha. Rangi yake ni ya asali ikielekea kahawia, ganda jembamba linaloliwa bila ya kuhisiwa, na ukiipasua inatoa harufu ya sukari inayoanza kuungua wakati wa kusonga halua. Utamu wake hauruki juu kwa mara moja. Unakuja, unakaa, na ukishameza bado kuna kitu mdomoni kama siagi. Shangazi aliomba ya pili, na shangazi yangu si mtu wa kuomba. Ilikuwa khalas, na kilo yake niliinunua kwa chini ya nusu ya bei ya ajwa.

Sahani ya kwanza na ya pili, ajwa na safawi, watu wanne kati ya watano hatukuweza kuzitenganisha kwa ladha tukiwa tumefumba macho. Macho yakifumbuliwa zinatofautika: ajwa ni fupi na ya mviringo, ina vijistari vyepesi vya rangi hafifu kwenye ganda, safawi ni ndefu zaidi. Wako wanaoiuza safawi kwa jina la ajwa, na tofauti ya bei ni kubwa, kwa hivyo umbo hili likariri. Sukkari ilikuwa tamu mno, inakatika menoni kama kashata, lakini nyuma ya utamu sikupata kitu kingine. Medjool ilipendwa na kaka peke yake. Ni kubwa, ina nyama, inapendeza machoni, ila tende mbili zinakukinaisha.

Na zile za kupima? Zilishika mkia kwa sura, na mbili katika sahani zilikuwa na mchanga. Lakini kwa ladha zilikuwa juu ya medjool katika daftari la watu watatu. Kwa futari ya kila siku, au kwa kusagwa na maziwa, sioni sababu ya kutozinunua, mradi zioshwe na zipasuliwe moja moja.

Mama alipoambiwa kuwa ajwa yake haikushinda, hakushtuka. "Mimi ajwa siili kwa utamu, mwanangu," alisema. "Naila kwa Sunna." Alikusudia hadithi ya Mtume inayosifu kula tende saba za ajwa asubuhi, inayojulikana na kila mtu kwetu. Nimelifikiria sana jibu lile na naona ana haki. Thamani haikai mdomoni tu. Lakini kama ajwa inanunuliwa kwa ajili ya jina lake, basi huyo ndiye mnunuzi anayestahili kuliko wote kuhakikisha kwamba ni ajwa kweli.

Kuhusu alama, nilijaribu mtindo wa 100, ule uliosambazwa na Mmarekani Robert Parker katika mvinyo, nikauacha siku ile ile. Kwa Parker mvinyo huanzia alama 50 hata kama haufai kitu, na ukishazoea hivyo kila chema kinajibana baina ya 85 na 95, na tofauti ya alama moja haina wa kuieleza. Tulitumia 20: sura 3, harufu 5, ladha 7, na 5 kwa kile kinachobaki baada ya kumeza. Nikajaribu pia kugawa alama kwa bei ili nipate thamani. Usifanye hivyo. Ukigawa, tende rahisi hushinda daima hata kama ina mchanga, kwa sababu bei inatofautiana mara tano na alama hazitofautiani hata mara mbili. Swali lililotusaidia ni jepesi zaidi: baada ya kuijua bei yake, utarudi kuinunua kwa fedha yako mwenyewe? Khalas tulisema ndiyo sote. Ajwa Mama alisema ndiyo, sisi wanne tukasema tutamnunulia yeye.

Kitu ambacho sikukipata kwenye maboksi mengi ni mwaka wa mavuno. Utaona tarehe ya mwisho wa matumizi, lakini ulichokitaka ni tarehe ya mwanzo. Waarabu wana majina kwa kila hatua ya tende: kimri ikiwa kijani, khalal ikiwa na rangi na ngumu, rutabu ikilainika, tamri ikikauka. Mavuno mengi ya huko hufanyika baina ya Agosti na Oktoba. Ramadhani inayoanza Februari inakula tende za miezi minne mpaka sita, na hapo ni kama ni za mwaka huo. Zile za mwaka wa nyuma yake zimeshalala kiangazi kizima, na katika joto letu la Unguja, bila ya friji, rangi inazidi kuwa nyeusi na harufu inaondoka. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivyo miaka hii tunazidi kuyakaribia mavuno. Ni bahati, na wafanyabiashara wetu wangeweza kuitumia kwa kuandika mwaka tu.

Suala la ubora na thamani ya tende ni la zamani kuliko soko letu. Bilali alimletea Mtume, rehema na amani zimshukie, tende nzuri za aina ya barni, akaulizwa amezitoa wapi. Akasema alikuwa na tende mbovu, akatoa pishi mbili kupata pishi moja. Akakatazwa, akaambiwa hiyo ndiyo riba yenyewe. Auze zile mbovu kwanza, kisha kwa thamani yake anunue nzuri. Ninachokiona hapo mimi, mtu wa stoo, ni kwamba kila tende ilipimwa kwa bei yake yenyewe, mbovu kwa ubovu wake na nzuri kwa uzuri wake.

Kisa cha pili ndicho kinachonikaa moyoni. Madina, watu walikuwa wakitundika mashada ya tende msikitini ili maskini wale, na wengine wakatundika mashada mabaya, makavu, yasiyo na nyama. Ndipo ikateremka aya ya 267 ya Suratul Baqara, inayokataza kukusudia kilicho kibaya katika kutoa, kile ambacho wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho. Nikikumbuka ndoo za futari nilizopeleka mimi mwenyewe, tende za mwaka jana zilizobaki kabatini kwa sababu nyumbani hatukuzitaka, naona haya.

Mwaka huu nimekwenda mapema. Muuzaji wa khalas alinifungulia boksi moja mbele yangu, nikatia mkono mpaka safu ya chini, nikaitoa moja, nikaipasua, nikainusa, nikaila. Nimechukua maboksi sita ya mzigo mmoja. Matatu yako kwenye friji yetu, matatu nimeyapeleka msikiti wa mtaani, na bi mkubwa wa pale alipoyapokea alilifungua moja akaonja kabla ya kunishukuru.