Si chuma chakavu hicho

Mwandishi, umesema matajiri wanaonunua ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili "wanalipia chuma chakavu". Hapo umeteleza. Chukua Spitfire P9374, ndege ya kivita ya Uingereza. Ilipigwa Mei 1940, ikatua kwa tumbo ufukweni Calais, Ufaransa, mchanga ukaimeza mpaka ilipojitokeza tena mwaka 1980, imeliwa na maji chumvi. Duxford, Uingereza, mafundi wakaifufua na kuirusha 2011. Mwaka 2015 Christie's wakaipiga mnada kwa zaidi ya pauni milioni 3, na pesa zikaenda kwenye hisani, pamoja na shirika linalolinda simba na chui. Hilo hukulitaja.

Kinacholipiwa ni kazi. Mhimili mkuu wa bawa la Spitfire ni mirija ya mraba iliyochomekwa mmoja ndani ya mwingine, inayopungua kadiri unavyokwenda nchani. Nani atakutengenezea hiyo kwa bei ya gereji? Bado ribiti, zile pini za kushikanisha mabati: huku mmoja anagonga, kule mwenzake kashikilia chuma, moja baada ya nyingine, maelfu.

Ila kuhusu vibati vya namba, vile vinavyoitambulisha ndege, uko sahihi kabisa. Mtu ana kibati na vipande viwili vitatu vilivyooza, anajenga ndege karibu yote mpya, anaitangaza kuwa ya 1940. Mimi sina ugomvi na bati jipya, maana la zamani lingeua rubani. Ugomvi wangu ni na muuzaji asiyemwonyesha mteja orodha ya kilichobaki na kilichobadilishwa.