Chaza wa Kwenu Waache Kwenu

Kazi yangu iko chini ya boti. Wenzangu hupenda juu: kupiga rangi, kung'arisha vyuma, kufungua mashine. Mimi ni wa pale pasipoonekana, kwenye mkuku ulio uti wa chini wa chombo, kwenye rafadha inayokisukuma na kwenye usukani. Kwa miaka mingi nimepiga mbizi na skrepa mkononi katika hori za Tudor na Mtwapa, mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu pale Mombasa na kaskazini mwake, nikikwangua kile ambacho sisi huita kwa jina moja tu, chaza. Ndani ya jina hilo mna mengi: vikombe vidogo vigumu kama mawe, kome, mwani, ukoga, minyoo iliyojijengea mirija ya chokaa, na vitu laini visivyo na kichwa wala miguu.

Nayasema haya mwanzo ili msomaji ajue kwamba lawama nitakazozitoa zinaanza kwangu.

Mwaka mmoja, kaskazi ikielekea kwisha, tuliitwa kwenye boti ya matanga iliyotoka mbali. Ilikuwa imekaa bandari hii miezi, bandari ile miezi, na chini yake palikuwa msitu. Mwenyewe hakutaka kugharimia kuipandisha juu. Alitaka isafishwe pale pale ilipotia nanga. Tulizama, mimi na vijana wawili, tangu asubuhi mpaka maji yalipogeuka. Kila tulichokikwangua kilishuka taratibu kama makapi, samaki wakaja kudonoa, maji yakachafuka, na jioni tukalipwa. Kule nyuma, usukani unapoungana na fashini, ile nguzo ya nyuma ya chombo, nilikuta kitu laini cha rangi ya chungwa, kimetanda kama nta iliyoyeyuka. Nimeogelea hori ile tangu utoto na sikuwahi kukiona. Nikakikata vipande vipande, vikaenda zao na mkondo.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba viumbe wanaoishi hivyo, wengi wameungana katika utando mmoja, wako ambao kipande chao kikikatika hakifi. Hushika jiwe au mzizi wa mkoko, kikaanza kukua upya. Kumbe kumkata ni kumpanda, kama muhogo. Tangu siku hiyo kuna neno moja halinitoki moyoni, na ndilo lililonikalisha kuandika: boti husafishwa kabla ya kuondoka kwao, na kinachokwanguliwa hakirudishwi majini.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alilijua hilo bila kufundishwa na mtu wa maabara. Alikuwa na mashua yake, na kabla ya safari yoyote ya nje ya kisiwa alisubiri bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Aliiegesha mchangani maji yakiwa juu, akaitegemeza kwa magadi, ile miti ya kuzuia chombo kisilale, na yalipopwa tukawa na saa chache za kazi. Kwanza makuti yaliwashwa, moto ukapitishwa chini ya chombo mpaka ukoga ukakauka na chaza wakapasuka. Halafu kukwangua. Halafu deheni, ile chokaa iliyokandwa na shahamu, ikapakwa kwa mkono mpaka chombo kikawa cheupe tumboni. Watoto tulitumwa kuzoa mabaki na kuyatupa juu, mbali na maji, kwa sababu yakioza yananuka. Ami alikuwa akitaka mbio na kuziokoa mbao zisitobolewe. Habari za viumbe vamizi, wageni wanaoenea na kuwasonga wenyeji, hakuwa nazo. "Mwanangu, chombo kikiota ndevu hakisikii usukani," alikuwa akiniambia. Lakini faida ya pili ilipatikana hata bila kutajwa: hakuwahi kupeleka Pemba kilichoota Tudor.

Siku hizi boti ni za faiba, haziwezi kupitishiwa makuti yanayowaka, na haraka imeingia. Tunakwangua tukiwa ndani ya maji. Tunakwangua tulikofika. Vyote viwili ni kinyume cha ami.

Nikilileta jambo hili kwenye mazungumzo pale ufukweni, jibu la kwanza huwa ni meli. Wataniambia, tazama bandari ya Kilindini, yale majengo yanayoelea, wewe unahangaika na kiboti cha futi thelathini? Ni kweli kwamba meli hubeba viumbe, hasa katika maji ya farumi, yale yanayovutwa bandari moja ili kuipa meli uzito na kumwagwa bandari nyingine. Lakini meli zimeshatazamwa. Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kufanya kazi Septemba 2017, na Kenya ni mwanachama. Boti ndogo ya starehe isiyobeba maji ya farumi haiguswi na mkataba huo, na ukiifikiria vizuri ina sifa tatu ambazo meli haina.

Ya kwanza ni kukaa. Meli ikisimama inapata hasara, kwa hiyo haisimami. Boti ya starehe husimama mwaka mzima ikisubiri likizo ya mwenyewe, na chombo kilichosimama ndicho kinachoota. Kisha ghafla Pasaka inafika, mwenyewe anataka kwenda Lamu au Unguja, na bustani nzima inasafiri naye. Ya pili ni mwendo. Meli inayokata maji kwa kasi huwabandua wengi njiani. Boti ya matanga inayotambaa kwa noti tano au sita, yaani maili za baharini kwa saa, huwabeba kwa upole, wakafika wazima na njaa yao. Ya tatu, na hii ndiyo inayonitisha zaidi, ni pale inapokwenda. Meli haiingii kwenye mikoko. Haitii nanga juu ya matumbawe. Boti ndogo ndiyo inayopanda hori mpaka mwisho, inayolala nje ya Shimoni, inayozunguka Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ambayo tumeilinda tangu mwaka 1986. Meli humleta mgeni mpaka langoni. Boti ndogo humwingiza chumbani.

Kuna kisa cha Darwin, mji wa bandari kaskazini mwa Australia, ambacho ningependa kila mwenye boti hapa akijue. Mwaka 1999 wazamiaji waliingia katika marina moja ya mji huo, yaani maegesho ya boti za starehe, wakakuta kuta, kamba na matumbo ya boti vimefunikwa na kome mdogo wa milia myeusi, asiyezidi sana upana wa ukucha wa dole gumba, asili yake Amerika ya Kati na Karibi. Miezi kadhaa kabla yake marina hiyo hiyo ilichunguzwa na hakuonekana hata mmoja. Sasa walikuwa maelfu kwa maelfu katika kila mita ya mraba, wamepandana. Hakuja na mkondo, maana bahari kati ya kwao na Darwin ni pana mno kwa kichanga cha kome. Anayedhaniwa kumleta ni boti ya starehe iliyokuwa ikipita.

Watu wa Darwin hawakungoja mkutano. Walifunga marina tatu, wakazimwagia tani nyingi za klorini na salfeti ya shaba, wakaua kila kilichokuwa ndani, cha wenyeji na cha wageni, kisha wakatafuta mamia ya boti zilizokuwa zimepita pale, moja moja, na kuzikagua. Kwa wiki chache kome yule akamalizika kabisa. Gharama ilipita dola milioni mbili za Australia, na hata hivyo duniani pote hicho hutajwa kama ushindi wa nadra.

Lakini waliweza kwa nini? Kwa sababu maji ya Darwin hujaa na kupwa kwa mita nyingi sana, ikabidi marina zao zijengwe na malango kama ya bwawa. Walifunga lango, maji yakatulia, wakatia dawa. Sasa njoo usimame daraja la Nyali utazame hori ya Tudor. Lango liko wapi? Maji yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku, yanapita Mji wa Kale, yanapanda mpaka kwenye mikoko ya ndani kabisa. Mtwapa ni hivyo hivyo. Akishaingia mgeni wa namna ile na kuzaa, hakuna wa kumtoa. Na chaza wa mikokoni wanaochumwa na watu wetu, nyavu zinazotegwa humo, mwani unaolimwa kule Kibuyuni kwa kamba na vigingi, vyote vitakuwa mahali pake pa kukaa.

Anayetaka mfano wa karibu zaidi na anyanyue macho. Kunguru wanaotunyang'anya mandazi mezani si wa hapa. Walifikishwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, Mombasa wakaonekana mara ya kwanza mwaka 1947, na vyombo vya baharini ndivyo vinavyohesabiwa kuwafikisha. Wangapi walikuwa siku ya kwanza? Wachache tu wa kukaa juu ya ukuta mmoja. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuua milioni moja. Na huyu ni ndege mwenye kelele, mweusi, anayeonekana na kila mtu. Fikiria kile kinachokua kimya, chini ya maji, mahali ambapo ni mpiga mbizi tu anayefika.

Najua pingamizi jingine, na hili lina uzito: bahari ni moja, maji hayana mpaka, kitakachokuja kitakuja. Mvuvi mmoja mzee aliniambia hivyo na sikuweza kumjibu papo hapo. Jibu nililolipata baadaye ni hili. Vichanga vya viumbe hawa huelea kwa siku au wiki kadhaa tu, kisha lazima vipate pa kushika au vife. Kwa hiyo umbali wenyewe ni ukuta, na bahari imejaa kuta hizo tusizoziona. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, hauchukui kila kitu kila mahali. Boti ndiyo inayoruka ukuta, kwa kuwa imewapa wasafiri wake jiwe la kushika njia nzima.

Ndiyo maana nasisitiza kusafisha kabla ya kuondoka. Kilichoota kwenye boti yako ukiwa Mtwapa tayari kiko Mtwapa. Ukikikwangua Mtwapa hujamdhuru mtu. Ukikikwangua Kilifi au Kisiwani Mkwiro umeshakipanda huko. New Zealand wameweka jambo hili kuwa sharti tangu mwaka 2018: chombo chochote kinachotoka nje, hata boti ndogo ya matanga, lazima kifike kikiwa safi chini, na njia mojawapo ya kutimiza sharti hilo ni kusafishwa ndani ya siku 30 kabla ya kuwasili. Shirika la Bahari la Kimataifa nalo lilitoa mwongozo maalumu kwa boti za starehe zisizofikia mita 24, mwaka 2012. Mimi sijawahi kuona karatasi yake imebandikwa popote tunapopandishia boti.

Na usafi wenyewe si kupiga mswaki ubavuni. Viumbe hawa hawapendi ubavu, wanapenda pembe. Watafute nyuma ya usukani, kwenye mhimili wa rafadha, kwenye matundu yanayovuta maji ya kupoza mashine, chini ya mkuku ambako gadi lilizuia rangi isifike. Fungua sanduku la nanga: mnyororo uliopandishwa na tope lake ni shamba. Vuta maji yote ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, na ya tangi la chambo ukiwa bado ulikotoka, kwa sababu vichanga vinaogelea humo na jicho haliwaoni. Kamba, nyavu, miwani na mapezi ya wageni wa kuogelea, vyote visuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuanikwa juani. Wale wanaopakia boti kwenye trela wakaenda Naivasha au Kisumu wajue kwamba gugu maji na magugu mengine yamekwisha kututesa huko. Marekani kome pundamilia, aliyegunduliwa kwenye Maziwa Makuu mwaka 1988, amepelekwa ziwa hadi ziwa kwa trela za watu waliokuwa wakienda kuvua kwa raha tu.

Rangi ya chini yenye sumu husaidia, ila isitumiwe kama kisingizio. Ile ya zamani yenye bati ilisifiwa sana mpaka konokono jike wa baharini wakaanza kuota viungo vya dume, ikapigwa marufuku duniani mwaka 2008. Ya shaba tunayotumia sasa nayo ni sumu, na ukiikwangua majini unaimwaga majini. Sababu nyingine ya kupandisha juu.

Gharama? Boti kubwa inahitaji reli au kreni, na mwenye boti kubwa anaweza. Kwa boti za sakafu ya kioo za Nyali na Bamburi na mashua za kutembeza wageni, mchanga na bamvua ni bure kama zilivyokuwa bure kwa ami. Kinachopungua ni turubai la kutandika chini kabla ya kukwangua na shimo la kufukia lililochimbwa juu ya mstari wa maji. Boti zetu hukaguliwa kabla ya kupewa leseni: jaketi za kuokoa maisha, mashine, kizima moto. Mkaguzi yule yule na ainame atazame chini, aandike mstari mmoja zaidi. Na vikundi vya ufukweni, vinavyojua kila chombo kilichotia nanga usiku, vipewe picha za viumbe wa kuangaliwa pamoja na namba ya kupiga. Watafiti wa bahari wako Mkomani, hawako mbali.

Mimi sipigi tena mbizi na skrepa chini ya boti iliyotoka mbali. Nimepoteza wateja wawili kwa hilo, na mmoja alikuwa mlipaji mzuri. Bamvua ijayo nina boti mbili za kupandisha, moja inaelekea Kilifi, nyingine Shimoni. Turubai nimelinunua, na vijana walishinda jana wakichimba shimo chini ya mkwaju, pale maji hayafiki hata mwezi ukiwa mpevu.