Barabara ya Kaskazini mwa Serengeti: Lami, Malori na Swali Lililoachwa Kando

Barabara ya Mto wa Mbu–Loliondo–Natta–Makutano imekuwa ikitazamwa kwa macho mawili tangu Serikali ilipotangaza, mwaka 2010, nia ya kuijenga kwa lami. Kwa mkazi wa Wasso au wa Mugumu ni njia ya kumfikisha hospitalini na sokoni. Kwa mhifadhi ni mstari unaokata kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mahali hasa ambapo nyumbu hupita kila kiangazi kuyafuata maji ya Mto Mara. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilitumia nguvu nyingi mno kubishana kuhusu lami, huku jambo lenye uzito zaidi, yaani magari ya nani yatapita katikati ya hifadhi na yanakwenda wapi, likiachwa kando.

Ni vema kuifuata njia yenyewe kwanza. Ukitoka Mto wa Mbu unaelekea kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, unapita Engaruka na Engare Sero, pembeni ya Ziwa Natron, mlima Oldoinyo Lengai ukiwa upande wako. Hapo vumbi ni la majivu ya volkano, na mvua ikinyesha milimani makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu asubuhi hugeuka mito, magari yakalazimika kusubiri maji yapungue. Kisha barabara inapanda kwenye nyanda za Sale, inafika Wasso na Loliondo, na inaelekea magharibi hadi lango la Klein's. Kuanzia hapo hadi Tabora B, lango la upande wa magharibi, ni kilomita 53 ndani ya hifadhi. Ukishatoka upande wa pili unakuta Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, halafu Natta, na mwisho Makutano katika Wilaya ya Butiama, inapokutana na barabara kuu ya Musoma.

Asiyeijua adha ya upande wa mashariki akumbuke Machi 2011, wakati maelfu ya watu walipomiminika kijijini Samunge kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi katika njia hiyohiyo, wagonjwa wakalala siku kadhaa ndani ya mabasi, na wapo waliofariki kabla ya kumfikia. Taifa zima liliona katika taarifa za habari kile ambacho watu wa Sale na Digodigo walikuwa wakikiishi kila msimu wa mvua bila kamera yoyote.

Kwa hiyo hoja ya Serikali haikuwa ya kubuni. Wilaya ya Ngorongoro, yenye makao yake makuu Loliondo, iko mkoani Arusha, lakini mtumishi anayetaka kufika makao makuu ya mkoa hukabiliwa na ama njia hiyo ya makorongo, ama kupita ndani ya hifadhi. Msafiri wa Arusha kwenda Musoma naye huchagua kati ya kuzunguka kwa kupitia Singida na Shinyanga au kukatiza Ngorongoro na Serengeti kwa basi, akilipa viingilio vya hifadhi kana kwamba amekuja kutalii. Ipo pia hoja ya kiufundi ambayo wahifadhi huipita haraka: barabara ya changarawe nayo ina madhara yake. Hutimua vumbi linalofunika majani ya pembezoni, huhitaji greda mara kwa mara, na kokoto zake huchimbwa mahali fulani, mara nyingine ndani ya hifadhi yenyewe. Anayesema changarawe haina athari hajawahi kutazama shimo la moramu likiwa limejaa maji.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi, na umuhimu wake hauishii kwa nyumbu mmoja mmoja anayegongwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa takriban 250,000. Baada ya ugonjwa wa sotoka, uliokuwa ukiwaua nyumbu pia, kudhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, idadi yao ilipanda hadi kufikia takriban 1,300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Ongezeko hilo lilibadilisha nchi: nyasi ndefu zililiwa, moto wa kiangazi ukapungua, na miti ikaanza kurudi mahali ilipokuwa imetoweka. Maana yake ni kwamba msafara wa nyumbu ndio unaoiendesha ikolojia nzima, na msafara huo unategemea kufika kaskazini, penye maji ya kudumu, kati ya Julai na Oktoba. Mwaka 2010 wanasayansi 27 waliandika katika jarida la Nature wakionya kwamba njia ikizibika idadi ya wanyama hao itaporomoka. Utafiti mwingine wa mwaka uliofuata ulikadiria upungufu wa karibu theluthi moja, hata bila kuhesabu wanaogongwa, kwa sababu tu ya kukatwa kwa malisho.

Barabara yenyewe haizuii mnyama, watetezi wa mradi walijibu, na kwa namna fulani ni kweli. Wasiwasi uko katika yanayofuata: magari yakiongezeka, ajali huongezeka, ajali zikiongezeka, mtu hudai uzio, na uzio ndio unaoua. Botswana ilishuhudia hilo, pale nyua zilizojengwa kudhibiti magonjwa ya mifugo zilipochangia vifo vya nyumbu wengi wa Kalahari waliozuiwa kufika kwenye maji wakati wa ukame.

Juni 2011 Serikali iliiandikia Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kupitia Wizara ya Maliasili na Utalii, ikieleza kwamba zile kilomita 53 zitabaki za changarawe chini ya usimamizi wa TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, kwa ajili ya utalii na shughuli za utawala. Wakati huo shauri lilikuwa limekwishafunguliwa katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki jijini Arusha na ANAW, shirika la Kenya linalotetea ustawi wa wanyama. Hukumu ya tarehe 20 Juni 2014 ilisema kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi kungekiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini iliiachia Serikali nafasi ya kubuni mipango mingine isiyodhuru mazingira. Wapo Watanzania walioudhika kuona shirika la nchi jirani, ambayo nayo hunufaika na watalii wa Maasai Mara, likituamulia. Ni hisia inayoeleweka, ingawa Mto Mara unaanzia Kenya na nyumbu hawana hati ya kusafiria.

Tatizo ni kwamba barua na hukumu zote mbili zimejikita katika aina ya tabaka la barabara. Hali halisi imesonga. Kipande cha Wasso hadi Sale, kilomita 49, kimewekwa lami, na upande wa Mara ujenzi wa kutoka Makutano kuelekea Natta na Mugumu umeendelea kwa awamu. Hayo ni maendeleo halali ambayo wananchi waliyasubiri kwa muda mrefu. Lakini miisho yote miwili ikikamilika, kilomita 53 za changarawe hazitamzuia dereva wa lori anayeokoa siku nzima ya safari. Wakati wa mjadala yalitajwa makadirio ya magari 800 kwa siku, na hatimaye 3,000, na ni vigumu kuamini kwamba yatasimama langoni kwa sababu ya vumbi tu.

Mfano tunao nyumbani. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kuna matuta, kuna ukomo wa mwendo, kuna kibao kinachoorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa, na bado malori hupita usiku na mchana na wanyama huendelea kufa. Hakuna waziri awezaye leo kuwaambia wasafirishaji wa Tunduma kwamba njia itafungwa jua likizama, maana barabara ikishakuwa tegemeo la biashara, hifadhi ndiyo inayohesabiwa kuwa kikwazo. Kama masharti yanahitajika kaskazini mwa Serengeti, kwa mfano kuzuia malori ya mizigo na kufunga lango usiku, yawekwe kisheria kabla miisho haijakutana.

Hapo ndipo njia ya kusini inapopata maana. Kutoka Karatu kupitia Mbulu, Haydom na Sibiti hadi Meatu, Lalago na Maswa, njia hiyo hupita nje ya Serengeti na katika maeneo yenye wakulima wengi zaidi. Daraja la Mto Sibiti, linalounganisha Singida na Simiyu, limekwisha kujengwa. Hata hivyo, haifai kuitaja kana kwamba haina gharama: inapita karibu na Bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadzabe, ambao ardhi yao imepungua vya kutosha. Tena haimsaidii mtu wa Loliondo kwa lolote. Wananchi hao, ambao mwaka 2022 waliona kilomita za mraba 1,500 zikiwekewa mipaka kwa ajili ya uhifadhi licha ya upinzani wao, wana haki ya kuuliza kwa nini kila hesabu ya Serengeti hulipwa na wao.

Jibu la haki kwao ni lami kutoka Wasso kushuka hadi Mto wa Mbu, pamoja na madaraja kwenye makorongo ya Engare Sero, kwa kuwa safari yao kubwa ni ya kwenda Arusha na haihitaji kugusa hifadhi. Mizigo ya kwenda Musoma na Mwanza ni haja nyingine, yenye njia nyingine. Bajeti ikizitenganisha haja hizo mbili, kilomita 53 za katikati zinaweza kubaki za askari wa hifadhi, watalii na basi la mchana.