Kijana wa makao ya watoto akitimiza miaka 18, bili ya hospitali ni ya nani?

Marekani wana utaratibu mmoja ambao ukiutaja kwenye mazungumzo ya bima hapa Dar es Salaam, ubishi hauchelewi. Kijana aliyekuwa kwenye malezi ya kambo, yaani aliyewekwa na serikali kwa walezi wasio wazazi wake, alipotimiza miaka 18, akiwa tayari anatibiwa kwa Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, anabaki nayo mpaka afikishe 26. Haulizwi analipwa mshahara kiasi gani. Ulianza Januari 2014, chini ya sheria ya bima ya 2010 iliyowaruhusu pia wazazi kuwabakiza watoto wao kwenye bima zao hadi umri huohuo. Mantiki yake ni kwamba aliyelelewa na serikali, mzazi wake ni serikali, basi nayo imbakize.

Wabishi wanauliza: tukiuiga hapa, kwani kijana wa makao amemzidi nini mjukuu anayelelewa na bibi yake pale Tandale? Swali lina uzito, na sidhani kama lina jibu jepesi. Ila naona wengi wanaliuliza bila kumtazama vizuri kijana mwenyewe.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ukitimiza 18 wewe si mtoto tena. Alipokuwa makao, yawe ya taifa pale Kurasini au ya taasisi ya dini, akichemka homa usiku matroni alijua pa kumkimbiza na bili haikumhusu. Akitoka anapanga chumba Mbagala na mwenzake, anabeba zege au anauza kwenye duka la mtu Kariakoo. Sasa awe na selimundu, maradhi ya damu ya kurithi yasiyojua kwamba umehama. Kliniki inamngoja, dawa za kila siku zinamngoja, na maumivu ya mifupa yakimkamata hawezi kubeba hata ndoo ya maji, sembuse zege.

Mtu wa Dar asiye na kadi ya bima anaponaje? Tusidanganyane, anapona kwa ukoo. Shangazi anapiga picha ya bili, anaitupa kwenye grupu la WhatsApp pamoja na namba ya mweka hazina, na orodha inaanza kushuka: Baba Mkubwa 50,000, Anko wa Tabata 20,000, Mama Mdogo 10,000 (ahadi). Jioni kuna kitu. Hiyo ndiyo bima yetu kubwa kuliko zote, haina ofisi wala fomu, na ndiyo inayotufanya tuone kijana wa miaka 19 anaweza kusubiri. Kijana wa makao hayumo kwenye grupu lolote la ukoo. Wenzake aliokua nao wapo, wanampenda, lakini wote wamefulia kama yeye.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, haijawasahau wasiojiweza. Imeweka mfuko wa kuwalipia, na pesa zake zinatokana na tozo, zikiwemo za vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Ni hatua kubwa. Shida ni kwamba umaskini tumezoea kuupima kwa kaya, na hata wanufaika wa bima wanahesabiwa hivyo: mchangiaji, mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Kwa mtindo wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, majina yanapitishwa mbele ya mkutano wa wakazi wanaojuana. Kijana aliyehamia juzi nani atamsimamia? Na akienda NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kutafuta namba, fomu inamuuliza habari za baba na mama. Kwa aliyeokotwa akiwa mchanga, hapo kalamu inasimama.

Watu watasema dirisha la ustawi wa jamii lipo hospitalini, na dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya Ukimwi ni bure. Ni kweli, na maafisa wa dirisha hilo wameokoa wengi. Lakini msamaha unaombwa ukishaumwa, tena kwa barua ya serikali ya mtaa usioujua vizuri.

Hoja ya pili ya wapinzani ni pesa, na hapa wanakumbusha Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mtoto alitibiwa, mpaka Machi 2023 NHIF ilipositisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ikisema wazazi wengi wanaandikisha watoto ambao tayari ni wagonjwa. Ni onyo la haki. Ila mzigo ule ulitokana na hiari, mzazi akichagua siku ya kuingia. Ukiandikisha kila anayetoka makao, mzima na mgonjwa, hakuna anayechagua.

Hoja inayonisumbua ni nyingine. Marekani kwenyewe kadi imekuwa ikidondoka njiani. Kijana aliyehamia jimbo jingine aliweza kuikosa, na sheria ya 2018 iliyorekebisha hilo inawahusu tu waliotimiza 18 kuanzia Januari 2023. Mwaka huohuo majimbo yalipoanza kuhakiki upya wanachama wa Medicaid, watu zaidi ya milioni 25 waliondolewa, wengi kwa sababu ya makaratasi, si kwa kukosa sifa. Anayehama chumba kila kodi inapoisha, barua ya uhakiki inamkuta wapi?

Kwa hiyo kazi ifanywe kabla hajafungasha: namba ya NIDA na kadi vishughulikiwe akiwa bado makao, afisa ustawi akisaini mahali pa mzazi. Mjukuu wa Tandale naye apitie mlango huohuo ikithibitika hana mzazi, maana tukiwapa wa makao peke yao tutakuwa tunawashawishi ndugu kupeleka watoto makao, wakati tunahangaika kuwarudisha kwenye familia. Miaka 26 sioni haja ya kuiiga, Wamarekani waliitoa kwenye sheria yao ya wazazi. Mimi ningeanza na 21, na mwenye ugonjwa wa kudumu kama selimundu asiwekewe kikomo cha umri.