Cd tupu haitoshi, nipeni na eneo la mbele

Kila Agosti ikikaribia na watu wa spidi wakaanza kujiandaa kwenda Bonneville, ile tambarare ya chumvi huko Utah, Marekani, mambo yanakuwa yaleyale. Jamaa kajenga gari gerejini kwake miaka na miaka, fremu kachomelea mwenyewe, bodi ya faiba kapiga mwenyewe, halafu ukimuuliza upinzani wa hewa wa hicho chombo ni kiasi gani anakupa namba moja tu, "Cd 0.22" (Cd ni namba inayoonyesha umbo la gari linapenyaje hewa, ikiwa ndogo ndiyo nzuri), basi kamaliza. Hawa watu nawaheshimu sana, tena sana, maana huko hakuna hela, Speed Week, yaani wiki ya mbio za spidi za hapo Bonneville, ipo tangu 1949 na mpaka leo wengi wanaokimbia ni watu wa kawaida wanaojilipia wenyewe. Ndiyo maana inaniuma nikiona mtu anamwaga akiba yake yote kwenye injini kwa hesabu iliyoanzia kwenye namba isiyojitosheleza.

Tuwekane sawa kwanza. Kani ya hewa inayokuvuta nyuma ni nusu ya densiti ya hewa (uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo), mara spidi kwa spidi, mara Cd, mara eneo la mbele la gari. Cd inaeleza umbo tu. Gari la Cd 0.20 lenye eneo la mita za mraba 2, na jingine la Cd 0.40 lenye mita ya mraba 1, yote mawili yanapambana na hewa sawasawa kabisa. Kwa hiyo ukitaka tuongee la maana nipe zao la hizo mbili, ndiyo ile CdA, kwa mita za mraba.

Halafu kuna habari ya spidi yenyewe. Kani inapanda kwa kipeo cha pili, ila nguvu ya injini inayotakiwa kuishinda inapanda kwa kipeo cha tatu, na hapa ndipo wengi wanaposhtuka. Chukua saluni ya kawaida yenye CdA ya 0.57 ukiwa juu ya chumvi, ambako mwinuko ni kama mita 1,286 kwa hiyo hewa ni nyepesi, mchana wa Agosti densiti inacheza kwenye kilo 1.0 kwa mita ya ujazo wakati pwani inafika 1.2 hivi. Kwa kilomita 160 kwa saa hewa inakula kilowati 25, kama nguvu za farasi 34. Kwa 320 inakula kilowati 200, farasi 268. Ukitaka 400 andaa farasi 520 na ushee, na hapo ni hewa peke yake, chumvi bado haijadai chake.

Kipeo hichohicho cha tatu kina upande wake mzuri pia, kwamba ukikosea CdA kwa asilimia 10 spidi ya mwisho inakosewa kwa asilimia 3 tu na kidogo, yaani kama kilomita 10 kwenye 320. Kwa mtu anayefukuzia rekodi kilomita 10 ni nyingi, sawa, lakini kwa kuanzia makadirio ya hivyo yanatosha kabisa kuamua injini gani na uwiano gani wa gia. Huhitaji usahihi wa desimali nne, unahitaji namba uliyoipima na kujua inaweza kupanda au kushuka kwa kiasi gani.

Sasa mfano ambao naupenda kuliko yote. Goldenrod, gari la ndugu wawili, Bob na Bill Summers, tarehe 12 Novemba 1965 lilipita Bonneville kwa wastani wa maili 409.277 kwa saa, kama kilomita 659. Namba zake zinajulikana, Cd 0.117 hivi na eneo la mbele futi za mraba 8.5, yaani CdA ya mita za mraba 0.092 tu, gari refu jembamba kama sindano. Piga hesabu ya hewa peke yake kwenye spidi ile, unapata karibu farasi 400. Halafu angalia ndani ya bodi, kuna injini nne za Chrysler Hemi, jumla kama farasi 2,400! Nyingine zote zimeenda wapi? Chumvi imekula, matairi yakiteleza yamekula, gia na difu zimekula, na sehemu kubwa imetumika kulisukuma gari zito lifike spidi ile kabla njia haijaisha. Yaani mtu ambaye angesoma Cd ya Goldenrod akanunua injini ya farasi 450 asingefika hata karibu. Kwangu mimi huo mfano unatosha kumaliza ubishi wa Cd.

Ndiyo maana nasema pima, pima, pima, na kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kuacha gari liserereke lenyewe. Tafuta njia ndefu iliyonyooka na iliyofungwa, ranwei ya zamani ni safi sana, subiri asubuhi hakuna upepo, panda spidi, weka fri, acha lipungue lenyewe huku GPS inarekodi, kisha rudia upande wa pili ili mteremko na upepo vifutane. Gari ulipime uzito ukiwa umekaa ndani. Na andika joto na presha ya hewa ya siku hiyo, hii watu wanaisahau halafu namba ya pwani wanaipeleka mlimani kama ilivyo.

Tuseme gari na dereva ni kilo 1,200. Linatoka kilomita 165 kwa saa kwenda 155 kwa sekunde 4, hiyo ni kani ya kama nyutoni 833. Baadaye linatoka 55 kwenda 45 kwa sekunde 13, kani nyutoni 256. Kwa spidi ya chini inayokuvuta zaidi ni matairi, kwa spidi ya juu ni hewa, na kwa kuwa hewa inakua kwa kipeo cha pili na matairi karibu hayabadiliki, hizo namba mbili unazitenganisha kwa hesabu ya sekondari tu. Matairi yanatoka nyutoni 194, hewa inatoka 0.324 mara spidi kipeo cha pili (spidi kwa mita kwa sekunde), na kama densiti siku hiyo ilikuwa 1.2 basi CdA yako ni 0.54. Magurudumu yanayozunguka nayo yana uzito wake wa kuongeza, asilimia chache tu, weka.

Sasa lipeleke hilo gari kwenye chumvi kwa 320. Hewa inataka farasi 254. Chumvi ni laini kuliko lami, ikiwa na unyevu ndo kabisa, tuseme inakuvuta mara tatu ya ile lami, ongeza farasi 69. Tairi zikiteleza asilimia 10, maana juu ya chumvi tairi la nyuma linazunguka haraka kuliko gari linavyokwenda, umeshafika farasi 360 kwenye magurudumu. Kutoka 254 hadi 360 kwa mambo ambayo hayamo kabisa kwenye Cd. Na kuna wale wanaofanya kinyume, wanachukua nguvu ya injini waliyopima kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya injini) na spidi waliyofika, wanarudi nyuma kutafuta Cd, wanapata namba mbaya mno, wanaanza kukata bodi iliyokuwa nzuri wakati mwizi alikuwa chini kwenye matairi.

Eneo la mbele nalo lisikupe taabu. Piga picha gari kwa mbele kabisa ukiwa mbali sana na zumu imevutwa mpaka mwisho, weka fimbo ya mita usawa wa sehemu pana kuliko zote, kisha hesabu pikseli kwenye kompyuta. Ukiwa na haraka, upana mara kimo mara 0.8 hadi 0.85 kwa gari la kawaida. Na matairi yahesabiwe! Nimeona watu wanayaruka.

Programu za kompyuta za kukadiria hewa inavyopita kwenye gari je? Sizikatai, OpenFOAM ni ya bure na kwa kulinganisha pua hii na pua ile inasaidia sana. Shida ni mtu kuchora gari laini kama yai, bila magurudumu kuzunguka, bila mianya ya milango, bila boriti na bomba zinazoning'inia chini, halafu anaamini jibu. Bloodhound, timu ya Uingereza ya gari la kufukuzia rekodi ya spidi ya nchi kavu, ambao mahesabu yao yalifanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Swansea, walipokwenda Hakskeen Pan kule Afrika Kusini mwaka 2019 na kufika kilomita 1,010 kwa saa, gari lilikuwa limejaa vipima presha mwili mzima ili walinganishe hali halisi na kompyuta. Kama wao wanahakiki, wewe wa gerejini unaachaje?

Magurudumu kwa kweli ndiyo adui anayedharauliwa. Bill Burke mwaka 1946 alichukua tangi la mafuta la kudondosha la ndege ya kivita akaligeuza gari la mbio, wazo zuri kupita kiasi, umbo limeshatengenezwa na wahandisi wa ndege. Lakini magurudumu manne yakishajitokeza nje ya bodi, Cd ya tangi lile unaisahau. Ukiwa na hela kidogo anzia hapo, funika magurudumu, ziba mianya, ondoa rejeta (wengi hubeba tangi la maji na barafu), bandika nyuzi za sufu kwenye bodi na kamera uone wapi hewa inang'oka. Burt Munro wa New Zealand akiwa na miaka 68 alifika maili 184.087 kwa saa mwaka 1967 kwa pikipiki, Indian Scout ya 1920, na ganda alilolifunika nalo pikipiki lilikuwa sehemu kubwa ya siri.

Na kitu cha mwisho ambacho nadhani kila timu ingekifanya: ukishapita alama ya mwisho, kabla ya kuvuta parachuti la kupunguza spidi, kama gari limetulia na njia imebaki ya kutosha, achia gesi taratibu, kanyaga klachi, liserereke sekunde mbili tatu tu huku data inarekodi. Hicho ni kipimo chako cha hewa na chumvi kwa pamoja, kwenye spidi yenyewe unayoitaka, na hakuna handaki la upepo (chumba cha kupimia gari kwa upepo wa mafeni) litakalokupa namba hiyo. Gari likianza kuyumba achana nacho, vuta parachuti.