Ukiwa na mgonjwa, usisimamie fundi

Nina msimamo ambao ndugu zangu wameshauchoka: anayeuguza asikabidhiwe fundi. Asimpigie simu, asimnunulie misumari, asibishane naye bei. Kazi hiyo apewe mtu mwingine kabisa, hata akiwa shemeji asiyejua tofauti ya bati la geji 28 na la geji 30.

Yalitufika mwaka 2024, masika ambayo Dar es Salaam haikukauka. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 2023, na mwanzoni mwa Mei Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa inatangaza kimbunga Hidaya kinaisogelea pwani yetu. Mama alikuwa wodini, kiharusi. Nyumba yake ni ya zile zenye paa la kuficha: kuta zimepandishwa juu, bati limelala kwa ndani halionekani, na maji yote yanakusanyika kwenye mfereji mmoja nyuma ya ukuta. Zinapendeza sana kwenye picha. Lakini tundu la mfereji likizibwa na majani ya mwembe, maji hayana pengine pa kwenda ila sebuleni kwako. Sielewi kwa nini tumezipenda hivi katika mji wenye mvua kama zetu, ila hayo tuyaache.

Dari la jipsamu lilianza na doa, kisha likatuna. Fundi umeme wa jirani ndiye aliyetuokoa usiku ule. Alishusha swichi kuu kwanza, akatuambia tutoe makochi, akaweka beseni, halafu akapanda kwenye stuli na kupatoboa kwa bisibisi palepale palipotuna. Maji machafu yakashuka kwa mkondo mmoja. Jipsamu ikiachwa ibebe maji, alisema, haichagui pa kuangukia, inashuka na ubao mzima.

Baada ya hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Dada yangu ndiye aliyekuwa analala hospitali, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, namba aliyopewa fundi bati ilikuwa yake. Siku niliyokuwa naye kwenye korido ya wodi, nesi anaita ndugu wa mgonjwa waende kuchukua dawa, na simu inaita: "Dada, kenchi mbili zimeoza, papi nazo hazifai, tubadilishe zote au?" (Kenchi ni fremu za mbao zinazobeba paa, papi ni mbao za kupigilia bati.) Dada akasema sawa. Simu ikaita tena, bati za zamani hazifai kurudishwa. Sawa. Kofia, zile bati za kufunika maungio ya paa, nazo? Sawa. Sidhani kama alisikia hata neno moja. Alikuwa anamwangalia nesi.

Watu wengi hapa wangemlaumu fundi. Mimi simlaumu. Fundi anamuuliza mwenye nyumba, mwenye nyumba anakubali, yeye ataachaje? Kosa ni kumweka mtu aliyevurugwa na uchungu kwenye nafasi ya kuamua mambo ya mamilioni. Anayeuguza atasema ndiyo kwa kila kitu ili simu ikatike, au atagombana na kila mtu kwa sababu daktari hagombaniki.

Binamu yetu ndiye aliyeikata hiyo kamba. Alimwambia, "Dada, namba ya fundi nipe mimi. Wewe usiulize hata imefika wapi." Akaenda kwenye nyumba na swali moja tu: maji yanazuiwaje yasiingie leo? Ikaonekana kenchi zinaweza kusubiri. Walizoa majani mfereji mzima, wakatoboa tundu la pili kwenye ukuta, juu kidogo ya lile la kawaida, ili la kwanza likiziba maji yamwagikie nje badala ya kupanda chini ya bati. Wakafunika sehemu mbaya kwa turubai na kulikandamiza kwa mbao. Fundi alitaka kubandika utando wa lami, ule wa kuchoma kwa moto, lakini yeye mwenyewe akakiri kwamba haushiki kwenye sehemu yenye unyevu. Mnabandika nini basi, na mvua hailali?

Hapa ndipo ninapotofautiana na mjomba wangu, ambaye anaamini kazi ya nusu ni kutupa pesa. Katika masika, tena kukiwa na mgonjwa, kazi ya nusu ndiyo kazi. Turubai halikuwa aibu. Lilitupa muda wa kuja kupanga bei kiangazi, akili zikiwa zimetulia na bati likiwa kavu kiasi cha mtu kupanda kulikagua.

Jambo jingine ni pesa, na hapa sina upole. Michango ya mgonjwa na pesa ya nyumba zisikae kwenye simu moja. Kwetu zilikaa pamoja, na baada ya muda mfupi tu hakuna aliyeweza kusema hela ya vipimo imeishia wapi na ya misumari imetoka wapi. Shangazi aliyetuma kwa ajili ya dawa akasikia tumenunua mbao. Unaweza kufikiria jinsi kikundi cha WhatsApp cha familia kilivyowaka. Na mtaani nako: "Mama yao yuko kitandani, wao wanapaua." Binamu alifungua laini nyingine kwa ajili ya nyumba tu, akawa anatuma picha za risiti bila kuombwa. Kelele zikapungua, ingawa mtaani hazikuisha.

Paa lilikuja kutengenezwa Agosti, kenchi moja tu ndiyo ikabadilishwa. Mama alikuwa ameshatoka hospitali, anatembea na fimbo, na ndiye aliyemsimamia fundi mwenyewe akiwa kwenye kiti barazani. Alimshusha bei, tena si mara moja, mara mbili.