Dresaji: Hatua Fupi ya Farasi wa Iberia

Katika dresaji, mchezo ambamo farasi na mpandaji wake huonyesha miendo iliyofunzwa mbele ya waamuzi, kila zoezi hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na husemwa mara kwa mara kwamba farasi wa Iberia, yaani Waandalusia wa Hispania na Walusitano wa Ureno, wanakwamishwa na maumbile yao wenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Farasi wa Hanover na wa Uholanzi wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya mwendo mrefu wenye mnepo, na Valegro, Mholanzi aliyepandwa na Charlotte Dujardin, alistahili kabisa asilimia 94.30 ya alama zote aliyopata London mwaka 2014. Waiberia wengi hurusha miguu ya mbele pembeni badala ya kuipeleka mbele, na mwamuzi hawezi kutuza kisichoonekana.

Hata hivyo, mtazame Mlusitano aliyefunzwa vizuri akifanya piafe, yaani troti (mwendo wa mbio ndogo, miguu ikienda kwa jozi za mshazari) inayofanywa papo hapo: nyonga zinashuka, miguu ya nyuma inaingia chini ya tumbo, mabega yanakuwa mepesi na hatamu haivutwi. Hicho ndicho kilele cha mafunzo yote, na yeye amezaliwa karibu nacho, kwa kuwa wazee wake walichaguliwa kwa vita na kwa kukabili fahali, kazi isiyomsamehe farasi anayechelewa kugeuka.

Linaloniuma ni troti ndefu, ile ambayo farasi hunyoosha hatua kadiri awezavyo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi zinataka mguu wa mbele utue pale unapoelekea, na miguu ya mbele na ya nyuma ifike mbele kwa kiasi kimoja. Simamisha video za baadhi ya farasi wanaoshangiliwa sana: mguu wa mbele umenyooshwa hewani, kwato ikielekea mbali, kisha unarudishwa nyuma kabla haujagusa ardhi, ilhali mguu wa nyuma haukufika popote karibu na urefu ule. Kinachofanya kazi hapo ni bega, mgongo umekaza. Mwiberia anakatwa alama kwa hatua fupi iliyo ya kweli, na mwenzake anaongezewa kwa hatua ndefu inayokiuka kanuni.

Mwaka 2004, kwenye Olimpiki ya Athens, Hispania ilitwaa medali ya fedha ya timu, Rafael Soto akiwa juu ya Invasor, Mwandalusia. Kwa hiyo mlango haujafungwa, wala siombi alama za upendeleo wala mashindano ya pembeni kwa ajili ya mbegu fulani. Naomba kanuni ile ya kwato isomwe kama ilivyoandikwa, hata kama alama kadhaa za 9 zinazopendwa na watazamaji zitashuka.